Joto la Usukani na Lugha ya Fundi

Huenda msomaji akajiuliza: mwalimu wa isimu anatafuta nini katika usukani wa pikapu kuukuu? Si angebaki na ngeli zake, viambishi na lahaja? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu hatua kwa hatua. Nitaanza na chombo chenyewe, kisha nije kwenye lugha, maana katika jambo hili viwili hivyo ni chanda na pete. Hoja yangu ni kwamba kifaa kidogo cha kumpunguzia mtu adha kinaweza pia kumjeruhi, na aghalabu linaloamua kati ya hayo mawili ni jinsi maelezo yake yalivyomfikia yule anayekifunga.

Chombo ninachokisema ni usukani unaopashwa joto kwa umeme. Kwa mtu wa Mombasa au wa Lodwar wazo hilo ni kichekesho. Kwao usukani huunguza wenyewe ukiachwa juani, na dereva hutafuta kitambaa cha kuufunika kabla ya kuushika. Hata mkulima wa Kinangop au wa Molo anayepakia kabichi alfajiri, glavu za sufu zamtosha. Usukani wenye joto ni chombo cha nchi za theluji, na huko ndiko nitakakouzungumzia: katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako Wakenya si haba, na ambako nilifundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo.

Baridi ya Minnesota si ya kuchezewa. Tarehe 2 Februari 1996, katika mji mdogo wa Tower, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 za selisiasi chini ya sufuri. Siku kama hiyo ni nadra, lakini nyuzi 20 chini ya sufuri mwezi wa Januari si habari ya kuandikwa gazetini. Gari likilala nje usiku kucha, kila kilichomo ndani yake huwa na baridi ile ile ya nje: kiti, gia, funguo na usukani. Kipasha joto cha ndani ya gari hakimsaidii dereva papo hapo, kwa sababu hutegemea maji yanayozunguka katika injini, na maji hayo sharti yapate moto kwanza. Katika pikapu kuukuu dakika 10 au 15 zinaweza kupita kabla ya hewa ya vuguvugu kumfikia dereva. Katika muda huo viganja vyake vimeshika kitu kinachovinyonya joto bila huruma.

Kwa watu wengi hiyo ni adha ya kupita. Kwa wengine ni maradhi. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, alieleza hali ambayo mishipa midogo ya damu vidoleni hujibana kupita kiasi inapokutana na baridi. Vidole hupauka, kisha huingia rangi ya kibuluu, kisha huwa vyekundu damu inaporudi. Katika ngozi nyeusi mabadiliko hayo ya rangi hayaonekani waziwazi, na mgonjwa hujitambua zaidi kwa ganzi na maumivu. Sasa fikiria dereva mwenye vidole vya ganzi katika barabara yenye barafu. Huyo anayedai usukani wenye joto si mtu aliyezoea raha, bali ni mtu anayetaka kuhisi anachokishika.

Miongoni mwa Wakenya niliowafahamu huko alikuwamo mzee mmoja mwenye maradhi hayo. Nakuru alikuwa fundi wa magari kwa miaka mingi. Marekani aliajiriwa kuwatunza wakongwe kwa zamu za usiku, na kila alfajiri alirejea nyumbani kwa pikapu iliyoundwa katikati ya miaka ya 1990. Pikapu mpya yenye usukani wa joto kutoka kiwandani hupita dola 40,000 kwa urahisi, naye alikuwa na karo za kulipa Kenya na kodi ya nyumba huko huko. Akaamua kufanya alichokifanya maisha yake yote: kuichukua gari kuukuu na kuiongezea kile ambacho kiwanda hakikuipa.

Njia za kulifanya jambo hilo ni tatu. Ya kwanza ni kununua ala ya usukani yenye nyuzi za joto ndani yake, inayochomekwa katika tundu la kuwashia sigara. Ni rahisi kwa bei, lakini ina waya unaoning'inia, na waya huo hujiviringisha kwenye mhimili kila dereva anapokata kona. Fauka ya hayo, ala isiyobana sawasawa huteleza viganjani wakati ule ule gari linapohitaji kudhibitiwa. Ya pili ni kuuvua usukani ngozi yake, kubandika utepe wa nyuzi za joto kuuzunguka, kisha kuushonea ngozi mpya. Ya tatu ni kutafuta usukani kamili wenye joto uliotengenezwa na kiwanda kile kile kwa toleo la bei ghali la gari hilo hilo, na kuufunga pamoja na vifaa vyake vyote.

Mzee alichagua njia ya pili. Alinunua furushi la vifaa lenye nyuzi za joto, swichi, waya, na kurasa mbili za maelezo kwa Kiingereza. Kiingereza alikijua cha kutosha. Alisoma magazeti, aliandika ripoti za wagonjwa wake, na alizungumza na wakubwa wake kazini bila taabu. Lakini Kiingereza cha ndani ya gari hakuwahi kufundishwa. Ufundi aliupata kando ya barabara, chini ya fundi mkubwa, kwa Kiswahili kilichochanganyika na maneno ya gereji. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na sita aliyekulia Minnesota, alikuwa na Kiingereza chote kitakiwacho, ila hakuwahi kufungua hata boneti. Baba alikuwa na kitu bila jina lake, na mwana alikuwa na jina bila kitu chake. Ndipo nilipoalikwa chai jioni moja, nikakuta kurasa zile mbili mezani.

Kijana alikuwa akisoma na kumfasiria baba yake. "Baba, hapa wanasema usiitoe ile springi ya saa kabla hujaiweka katikati."

"Saa?" mzee akauliza. "Saa ya gari ile ilikufa zamani. Hiyo hainihusu. Soma mbele."

Kijana akasoma mbele. Tafsiri yake haikuwa na kosa la sarufi, na kila neno alilolitoa lilikuwa sahihi. Kiingereza kwa kweli hukiita kifaa hicho kwa jina lenye maana ya springi ya saa, ingawa hakina uhusiano wowote na saa. Hata hivyo, kwa tafsiri hiyo sahihi, onyo zito kuliko yote katika kurasa zile lilikuwa linarukwa.

Nikaingilia kati. "Mzee, hebu niambie, umeme wa honi hufikaje kwenye usukani ilhali usukani wenyewe unazunguka? Waya wa kawaida si ungekatika?"

Alicheka kama fundi acheavyo akiulizwa na msomi. "Mwalimu, magari ya zamani yalikuwa na pete ya shaba na kijiti cha kuigusa. Pete inazunguka, kijiti kinatulia, umeme unapita. Haya ya baadaye nimeyafungua machache tu. Haya yana utepe mwembamba ndani ya kisanduku cha duara. Umejikunja. Ukizungusha usukani huku unajikaza, ukirudisha unajilegeza. Ni kama kamani ya saa ya ukutani."

"Basi hiyo ndiyo waliyokuandikia," nikamwambia.

Alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia mwanawe: "Rudi nyuma. Soma tena pale pa saa."

Hapa ndipo isimu inapoingia. Kamani ni neno la Kiswahili la siku nyingi, lililotujia kwa njia ya Bahari ya Hindi, nalo hutaja ule utepe wa chuma uliojikunja unaoendesha saa. Mzee hakulitafuta kamusini. Alikitazama kitu, akakifananisha, akakitaja. Mhandisi aliyekipa kifaa hicho jina la Kiingereza alifanya vivyo hivyo. Watu wawili, katika lugha mbili, walikiona kitu kimoja na kukishika kwa mfano mmoja. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakutanisha. Kijana alipotafsiri neno kwa neno bila kukijua kitu, mfano ukageuka uwongo. Kitu kilipotangulia, jina likajileta lenyewe. Kuanzia jioni ile tukakiita kamani ya usukani, na sioni kwa nini kiitwe vingine.

Sasa tuseme kwa nini onyo lile lilikuwa zito. Katika pikapu yenye mfuko wa hewa usukanini, yaani ule mfuko unaofumuka kumkinga dereva gari linapogonga, kamani ya usukani ndiyo inayopitisha umeme wa kuufumua. Marekani iliyalazimisha magari yote madogo mapya, pikapu zikiwamo, kuwa na mifuko hiyo mbele kwa dereva na abiria kuanzia Septemba 1998, lakini pikapu nyingi zilikuwa na mfuko wa dereva miaka kadhaa kabla ya hapo. Hiyo ya mzee ilikuwa nao. Mfuko huo hufumuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kiasi cha sehemu 30 hadi 50 za elfu moja ya sekunde, kwa nguvu ya kuweza kuvunja mkono uliokaa mahali pasipofaa.

Kutokana na hayo zipo kanuni ambazo hakuna fundi anayepaswa kuzipuuza. Magurudumu ya mbele yaelekee mbele moja kwa moja kabla ya usukani kutolewa. Betri ikatwe kwanza, kisha fundi asubiri kwa muda ambao kiwanda kimeagiza, kwa kuwa mfumo wa mfuko huweka akiba ya umeme hata betri ikiwa imekatwa. Nyaya za mfuko, ambazo kwa desturi huwa na viungio vya manjano, zisipimwe kwa mita ya kawaida wala zisiunganishwe na kitu kingine chochote. Kamani ibaki katikati ya mzunguko wake. Ikirudishwa ikiwa imepotoka, siku dereva atakapokata kona hadi mwisho, utepe utakatika. Honi itanyamaza, taa ya onyo itawaka, na mfuko hautafumuka siku ya ajali. Mtu atakuwa amejipatia vidole vyenye joto na kifua kisicho na kinga.

Jambo la pili lilihusu hesabu, na hesabu hiyo si ngumu. Chukua nyuzi za joto zenye nguvu ya wati 60 katika umeme wa volti 12. Gawanya 60 kwa 12, utapata ampea 5. Injini ikinguruma, jenereta yake huupandisha umeme hadi kama volti 14. Kwa nyuzi zile zile mkondo hukaribia ampea 6, na nguvu hufika wati 80 hivi. Fyuzi ya ampea 7.5 inafaa hapo, na waya uwe wa unene wa kuuhimili mkondo huo bila kupata moto. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya. Wale wanaoizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili "isisumbue" huwa wamemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Tena umeme huo sharti upitie rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole, nayo itawaliwe na ufunguo wa gari, ili gari likizimwa, usukani nao uzimwe. Usukani usio na kidhibiti ukisahauliwa kwa saa 12, ampea 5 mara saa 12 ni ampea-saa 60, na hizo ni betri nzima ya magari mengi. Katika baridi ambayo betri yenyewe imekwisha kupungukiwa na nguvu, dereva ataamka na gari lililokufa.

La tatu ni kihisi joto, kile kidude kinachoupima usukani na kuukatia umeme unapofikia kiwango chake. Wapo wanaokiona kama urembo. Kwa mtu mwenye ganzi kihisi hicho ndicho ngozi yake ya pili, maana mwenye ganzi hahisi anapoungua. Joto la nyuzi 44 tu, likikaa mwilini kwa saa nyingi, linatosha kuunguza. Yule yule anayeuhitaji usukani huu kuliko wengine ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wengine kihisi kikiharibika.

Tulipozitafsiri kurasa zile mbili hadi mwisho, kitu kwa kitu, likabaki swali ambalo waliouza furushi hawakuligusa. Umeme wa ampea 5 au 6 ungepita wapi kufika katika usukani unaozunguka? Mzee alilijibu mwenyewe. Kamani ya pikapu yake ilikuwa na njia za mfuko na za honi tu. Njia ya honi ilikuwa nyembamba, imetengenezwa kwa mkondo mdogo wa sekunde chache, na njia za mfuko hazishikwi. "Mwalimu," akasema, "hapa hapana barabara ya kupitishia mzigo huu." Akavirudisha vifaa dukani, akanunua glavu zenye nyuzi za joto na betri zake ndogo za kuchajiwa, akalimaliza lile lililobaki la majira ya baridi.

Wapo watakaosema basi jioni ile ilipotea bure. Mimi nasema ilikuwa na faida kuliko zote, kwa sababu fundi aliyeelewa ndiye anayeweza kukataa. Asiyeelewa hufuata karatasi au huiruka, na katika hali zote mbili anabahatisha.

Miaka miwili baadaye mzee aliniandikia. Alikuwa amepata pikapu nyingine, kuukuu pia, lakini ya toleo ambalo dada yake wa bei ghali alitoka kiwandani na usukani wa joto. Katika yadi ya magari yaliyovunjwa alinunua usukani huo, kamani yake yenye njia za ziada, swichi na kidhibiti chake. Mfuko wa hewa hakuuchukua kutoka yadi. Aliubakiza ule wa gari lake, baada ya kuhakikisha kwamba unakubaliana na usukani ule, kwa kuwa mfuko wa gari lililogongwa haujulikani umepitia nini. Kabla ya kazi alipeleka namba ya utambulisho wa gari lake ikaguliwe kama mfuko wake uko katika orodha ya ile iliyoitwa kurudishwa. Hatua hiyo haikuwa ya woga. Katika mkasa wa mifuko ya kampuni ya Takata, Marekani peke yake iliagiza mifuko takriban milioni 67 ibadilishwe, baada ya kudhihirika kwamba baruti yake iliweza kuharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, ikalipua kikopo chake na kurusha vipande vya chuma. Anayefungua usukani wa gari la zamani bila kuuliza hilo anafungua mlango asioujua.

Kazi ya kuufunga usukani ilifanywa na yeye pamoja na kijana wake. Barua ilisema kwamba safari hii kijana alisoma, na kila palipokuwa na jina geni alisimama na kuuliza: "Baba, hiki kinafanya nini?" Kisha wakakipa jina, halafu wakaendelea.

Sasa nirejee kwetu, kwa kuwa safu hii inasomwa Kenya. Sisi hatuna haja ya usukani wenye joto, lakini mifuko ya hewa tunayo kwa maelfu. Magari mengi ya mitumba yanayoshuka Mombasa yanatoka Japani, na onyo la mfuko wa hewa lililobandikwa juu ya kioo cha mbele mara nyingi limeandikwa kwa Kijapani. Dereva hulitazama kila siku kama pambo. Wako mafundi wanaobadilisha usukani wa kiwandani kwa usukani wa mapambo, wakaikata kamani na kuing'oa taa ya onyo ili mteja asiulize. Si kwamba mafundi hao ni wajinga. Wengi wao wanaweza kuifungua injini na kuifunga wakiwa wamefumba macho. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaandikia, kwa lugha wanayoifanyia kazi, kilichomo ndani ya kisanduku kile cha duara.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba magari ni ya kigeni, hivyo fundi na ajifunze Kiingereza. Sikatai ajifunze. Kiingereza kitamfungulia soko na vyeti. Lakini mtu hujifunza jina jipya vyema akiwa amekwisha kukielewa kitu, na yule mzee alikijua Kiingereza na bado angelipita onyo. Tena Katiba yetu ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo ukiishia katika hotuba na usifike gerejini, umetufaa nini?

Pingamizi ya pili ni ile ya siku zote, kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Anayesema hivyo amesahau neno analolitumia kila asubuhi. Usukani haukuzaliwa barabarani. Ulikuwa wa chombo cha baharini, nao una asili ya Kiarabu, kabla ya motakaa ya kwanza kuonekana pwani. Rubani aliongoza jahazi kabla ya kuongoza ndege. Nauli ililipwa chomboni kabla ya kulipwa katika matatu. Mabaharia walituachia msamiati wa safari, na madereva wakauchukua bila kungoja kamati. Palipokuwa na kitu kigeni kabisa wakachukua na jina lake, ndipo tukawa na breki, betri, fyuzi na tairi, na leo hakuna anayeyaona kuwa maneno ya kuazima. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, hivyo hata nadharia ya umeme ina maneno yake. Lugha haikosi uwezo. Kazi ndiyo haijafanywa.

Na kazi hiyo ni yetu sisi wa vyuoni kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Tunawatuma wanafunzi wetu kukusanya methali na majina ya koo, na ni vyema. Tuwatume pia Grogan na Kariobangi na daftari, wakawaulize mafundi kila kifaa kinaitwaje, kinafanya nini, na kikiharibika kinadhuru vipi. Watakayoyaleta yakusanywe katika vijitabu vyepesi, vyenye michoro, vya kubandikwa ukutani mwa gereji. Vyuo vya kiufundi navyo vimruhusu mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili jinsi saketi inavyofanya kazi, kisha ndipo aulizwe majina ya Kiingereza. Waagizaji wa magari nao walazimishwe kubandika onyo la mfuko wa hewa kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma. Karatasi moja ndogo ya gundi si gharama ya kumfilisi mtu.

Kwa Wakenya walio ughaibuni nina neno moja la nyongeza. Msiache Kiswahili kikabaki cha salamu na nyimbo za harusi. Mfungulieni mtoto boneti, mtajieni vifaa, mwacheni awaulize. Atakuwa daraja kati ya mkono wa mzazi na karatasi ya kiwanda, na siku moja onyo ambalo angeliruka ndilo litakalomwokoa baba yake.